Kadi ya Inspekta Radi

Ipo nchi moja, imepakana na nchi yoyote unayoijua wewe, ambayo mambo yake ukiyasimulia bila kuongeza chumvi unaonekana muongo. Inaitwa Neemani. Mimi sijafika huko, na siku nikifika nitaikana hadithi hii palepale uwanja wa ndege.

Neemani wanajali afya hadi wanapitiliza. Ukutani kwa Hospitali ya Wote, iliyo kubwa kuliko zote za serikali, wameandika AFYA NI HAKI YA KILA MTU kwa herufi zenye urefu wa twiga. Rangi ile ilinunuliwa kwa fungu la dawa, ndiyo maana mpaka leo haijapauka. Chini yake, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kimebandikwa kikaratasi cha vitu ambavyo mwenye haki yake anatakiwa kuja navyo: glovu jozi nne, pamba, uzi wa kushonea, wembe mpya, beseni, na mafuta ya jenereta lita tano. Shuka si lazima, ila godoro linawasha.

Bima ya Taifa nayo ipo, tena nzuri. Inamhudumia Mheshimiwa Rais, mawaziri, wabunge, wake zao, na kitu ambacho sheria inakiita mali hai za serikali, yaani farasi wa gwaride, tausi wa Ikulu na mbwa wa polisi. Wananchi wa kawaida hawajasahauliwa. Mkakati wao unaandaliwa, na umeandaliwa kwa umakini mkubwa kwa miaka ishirini na mitatu.

Sasa katika nchi hiyo aliishi Siwema, mshona sare za shule, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi kuliko kilo. Mumewe, Chande, alikuwa mpishi wa Kikosi cha Mbwa wa Polisi. Kazi yake ilikuwa kuwachemshia mbwa wa serikali nyama asubuhi na jioni. Harufu alirudi nayo nyumbani kila siku. Nyama yenyewe ilibaki kazini kwa mujibu wa sheria.

Alhamisi moja Chande aliamka amejikunja kama mkeka.

"Baba Hadija, leo si siku ya kwenda kwa mama," Siwema alimwambia. "Hebu nyooka."

"Sinyooki. Nikinyooka nakufa."

Kulikuwa na ugonjwa fulani uliokuwa ukimpata Chande kila safari ya ukweni, ndiyo maana mkewe hakushtuka upesi. Lakini alipoikataa chai ya maziwa, chai ambayo hata kwenye msiba wa baba yake mzazi alikunywa vikombe viwili, Siwema akatoka kuita bajaji.

Pale Hospitali ya Wote walipokelewa na Daktari Lusekelo, kijana mpole mwenye macho mekundu ya mtu anayefanya kazi mbili. Alimbonyeza Chande tumbo upande wa kulia, Chande akatoa sauti, na foleni nzima ikapisha.

"Kidole tumbo," daktari akasema. "Kimevimba. Kinatakiwa kutoka leo kabla jua halijazama. Kikipasukia ndani, mama, sikufichi, utakuwa mjane."

"Basi kitoe, daktari. Vifaa nimenunua vyote, hata beseni hili hapa."

"Beseni ni zuri. Meza ya upasuaji ndiyo haipo."

"Meza imekwenda wapi?"

"Wizara imeiazima. Kuna Maonyesho ya Mafanikio ya Sekta ya Afya kule uwanjani, meza yetu iko banda namba moja. Watu wanaisifu sana." Akakohoa. "Taa zimekwenda nayo, na mtu wa usingizi amekwenda kuzilinda. Vyote vitarudi Ijumaa ijayo, kama mgeni rasmi hataongeza siku."

"Na kidole tumbo kitamsubiri mgeni rasmi?"

Daktari akashusha sauti. "Vuka barabara, mama. Pale kwa wenzetu wanayo."

Ng'ambo ya barabara ilikuwepo Hospitali ya Fedhaluka, ya mtu binafsi. Ile haikuwa na maandishi ukutani. Ilikuwa na maua, na mlinzi aliyepiga saluti baada ya kuangalia viatu. Ndani kulikuwa na ubaridi wa asubuhi ya milimani na sofa za kumezea watu. Siwema alimtua mumewe kwenye mojawapo, akaenda mapokezi kwa binti mmoja nadhifu ambaye kifuani aliandikwa Bupe.

"Karibu Fedhaluka, mama yangu. Amana ya kuanzia ni milioni tatu. Maji ni bure. Unapenda ya baridi au ya vuguvugu?"

Siwema akachagua ya vuguvugu, kwa kuwa ndicho kitu pekee pale alichokuwa na uwezo wa kuchagua. Akarudi kwa mumewe, akamwona jasho linavyomtiririka na midomo ilivyogeuka kijivu, akaanza kumpekua mifuko bila kujua anatafuta nini. Katika mfuko wa shati akakuta kadi ngumu yenye nembo ya taifa.

"Hii nini?"

"Ya Radi," Chande akasema kwa shida. "Mbwa wetu mkubwa. Askari anamleta humu saa nane kusafishwa meno, mimi nilikuwa nitangulie na kadi. Iache, mke wangu, hiyo ni mali ya serikali."

"Na wewe ni mali ya nani?"

Kabla Chande hajajibu, kadi ilikuwa tayari juu ya meza ya Bupe. Mashine ikailamba, ikafikiri, ikawasha taa ya kijani. Bupe akasimama wima. Mlinzi naye, asijue kilichotokea ila akimwona mwenzake amesimama, akapiga saluti ya pili bila kuangalia viatu.

"Inspekta Radi," Bupe akasoma. "Daraja la Pili. Matibabu yote, chumba cha peke yake, ndege ya wagonjwa ikibidi." Akainamia skrini. "Samahani, mama. Kwenye picha hapa masikio yake yamesimama."

"Siku hiyo alikuwa anasikiliza kwa makini."

"Na ulimi uko nje."

"Kulikuwa na joto."

"Na, mama yangu usinielewe vibaya, ana manyoya."

"Nilimkuta hivyo. Nikaolewa naye, nikamnyoa."

Meneja akaitwa. Alikuja na mwongozo wa kazi, akausoma kwa sauti pale pale: kadi ikiwasha kijani, mgonjwa atahudumiwa ndani ya dakika kumi, na mtumishi atakayehoji utambulisho wa ofisa wa Daraja la Pili kwenda juu, atahojiwa yeye. Hilo halikuwa tishio tupu. Mwaka uliopita binti mmoja wa mapokezi alimwomba mke wa naibu waziri ajitambulishe, na sasa anapokea wageni kwenye kituo cha mpakani kisichofikiwa na wageni.

"Dada Bupe," meneja akasema, "taa imewaka rangi gani?"

"Kijani, bosi."

"Basi mimi hapa simwoni mtu, wala simwoni mbwa. Naona kijani. Leteni machela."

Ikabaki kujaza fomu. Bupe akauliza, Siwema akajibu, mguu ukimchezacheza kwa haraka.

"Amechanjwa kichaa?"

"Kichaa chake ni cha kawaida, hakina chanjo."

"Anang'ata?"

"Hajawahi. Ila kwa leo simdhamini."

"Analala ndani au nje?"

"Inategemea amerudi saa ngapi."

Aliyeingia chumba cha upasuaji, amevaa koti jeupe linalong'aa, alikuwa Daktari Lusekelo yuleyule.

"Daktari, si ulikuwa kule?" Siwema akashangaa.

"Asubuhi nilikuwa serikalini. Kule nakushauri, huku nakutibu. Mikono ni hii hii, mama, ondoa wasiwasi. Kule imekosa meza tu."

Ilichukua dakika hamsini. Saa nane kamili askari alimfikisha mbwa Radi kwa ajili ya meno yake, mashine ikasema Radi yuko chumba cha upasuaji. Askari, ambaye alifundishwa kutii, akamwambia mbwa kwamba hayupo. Wakarudi wote wawili kambini, na hakuna aliyelalamika.

Jioni Chande aliletewa chakula cha daraja lake, kilo moja na nusu ya nyama ya kuchemsha isiyo na chumvi na mfupa mmoja wa kutafuna. Sheria ilisema alishwe saa kumi na mbili, na mwenye tumbo la mshono hakuulizwa. Akaonja mchuzi.

"Miaka tisa napika kitu hiki," akamwambia mkewe, "leo ndiyo nakijua ladha. Kinataka kitunguu."

Siwema akacheka hadi akalia, au akalia hadi akacheka, yeye mwenyewe hakuwa na uhakika.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, tena kwa kunong'ona. Ikatosha mtaa mzima. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa jirani mwenye binti wa pumu, wa pili mwenye presha, na kufikia Jumapili foleni ilifika kwa muuza mkaa. Chande, kitandani, aliwaeleza alichokijua: kadi zinatolewa na Kamishna Kitundu, mkuu wa Kikosi cha Mbwa.

Kamishna Kitundu hakuwa mtu wa maswali. Serikali ilimpa bajeti kwa idadi ya mbwa, na nyota za begani vilevile kwa idadi ya mbwa. Mbwa wake walikuwa arobaini, nyota zake mbili, na alikuwa na kiu ya nyota. Fomu yake ilitaka mambo matatu tu: jina, idadi ya miguu, na ridhaa ya kukatwa shilingi elfu mbili kila mwezi kwenda mfuko wa matibabu. Kwenye miguu watu waliandika minne. Wenye ndoa walihesabu na ya wenzao. Wasio na ndoa walihesabu kwa matumaini.

"Huyu mbwa wako mbona anasaini?" Kamishna alimwuliza mama mmoja.

"Amefundishwa, afande."

"Safi. Nidhamu hiyo ndiyo tunayoitaka kikosini."

Mzee Ngwali, jirani wa Siwema, mtu wa swala tano ambaye mtoto wa jicho alimfunga macho kwa miaka sita, alifika akishikwa mkono. "Mwanangu," akasema, "mimi mbwa siwezi, niseme ukweli. Hakuna farasi?"

"Farasi wamejaa, mzee."

"Tausi?"

"Tausi ni wa Ikulu, wanachunguzwa mpaka ukoo wa tatu."

Mzee akatafakari. "Basi niandike mbwa, lakini wa nje. Asiyeingia ndani ya nyumba."

Wakamwandika hivyohivyo. Baada ya wiki mbili alifunguliwa bandeji, akamtazama mkewe, akatamka kwamba hajazeeka hata kidogo, na daktari akaamua kumpima upya.

Lugha ya Neemani nayo ikageuka. Zamani ukimwita mtu mbwa mlipelekana kwa mjumbe. Sasa tusi lilikuwa kumwambia mtu kwamba yeye si mbwa, maana yake hana pa kukimbilia akiumwa. Wazee wenye mabinti wakawa wanawauliza wachumba:

"Kijana, wewe ni mbwa?"

"Ndiyo, baba. Tangu mwezi wa tatu."

"Karibu uketi."

Fedhaluka ilipofurika, ikawekwa mashine ya kadi Hospitali ya Wote pia. Hela ikafuata wagonjwa. Kikaratasi cha wembe na mafuta kikabanduliwa na upepo, hakuna aliyekirudisha. Hospitali ikanunua meza mbili za upasuaji, moja ya kazi na moja ya kuiazima wizara. Daktari Lusekelo akaacha kuvuka barabara, akaanza kulala kama watu wengine, na macho yake yakagundulika kuwa meupe.

Iliichukua serikali miezi minane kuona, na iliona kwa bahati mbaya, pale Waziri wa Mambo ya Ndani aliposoma hotuba yake mwenyewe bungeni. Nchi ilikuwa na watu milioni sita na mbwa wa polisi milioni sita kasoro kidogo. Wabunge walipiga meza kwa furaha, hadi mmoja alipouliza kwa nini basi wezi hawajaisha. Uchunguzi ukafanyika. Wezi nao walikuwa mbwa.

Ndipo ikaundwa Kamati Teule ya Uhakiki wa Mbwa, chini ya Mheshimiwa Profesa Mhandisi Rweyongeza, mtu ambaye hata akiagiza maji alianza na historia ya maji. Kamati ikatangaza kwamba yeyote atakayethibitika kuwa mtu atafutiwa kadi siku hiyohiyo, na kwamba itaanza na namba moja: Inspekta Radi, ambaye pia hujulikana kama Chande.

Tangazo lilimkuta Chande vibaya. Utumbo wake ulikuwa umejishika kwenye kovu la ule upasuaji, akawa anatapika kila anachokula, na Daktari Lusekelo alishampangia kupasuliwa tena Jumanne. Tena alisema waziwazi kwamba Jumatano itakuwa kuchelewa. Kamati iliwaita Jumatatu.

"Tukikataa kwenda?" Chande aliuliza.

"Wanafunga kadi."

"Tukienda?"

"Wanafunga kadi, lakini kwa heshima." Siwema akampigia shati pasi. "Wewe nyamaza tu, Baba Hadija. Shika tumbo. Kusema niachie mimi."

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti akafungua kikao kwa hotuba ya dakika arobaini, na kilele chake kilikuwa hiki: "Waheshimiwa, taifa letu leo limesimama kwenye njia panda ya kihistoria, mguu mmoja huku, na miguu mitatu kule." Kisha akavua miwani. "Ndugu Chande. Wewe ni mbwa au mtu? Jibu kwa neno moja."

Chande akamtazama mkewe, akaegemea meza. "Inategemea na swali linalofuata, mheshimiwa."

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Aitwe mke."

Siwema akala kiapo.

"Mama, uko chini ya kiapo. Mumeo ni kiumbe gani?"

"Mtu, mheshimiwa," Siwema akajibu. "Nimeishi naye miaka kumi na minne. Anakoroma, anamwogopa mama yangu, na akioga anaimba vibaya. Ni mtu kabisa."

Chande akamgeukia mkewe kwa macho ya mtu aliyeuzwa mnadani. Mwenyekiti akachukua kalamu. "Basi imethibitika."

"Sijamaliza, mheshimiwa. Huo utu anao tangu amezaliwa. Siku ile nilizunguka nao hospitali mbili, hakuna aliyeupokea. Nikaleta mbwa, nikapewa machela. Sasa kesho asubuhi anatakiwa apasuliwe tena, asipopasuliwa namzika. Mkitaka awe mtu, mimi sina ubishi, ndiye niliyeolewa naye. Nionyesheni tu kesho, akiwa mtu, nimpeleke wapi."

Mwenyekiti akatafuta jibu kwenye makabrasha yake. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa chai.

Aliyeinuka alikuwa Bi Tumpale, mhasibu wa mfuko wa matibabu, mwanamke aliyekuwa hajawahi kuulizwa kitu kikaoni. "Mheshimiwa, kabla hamjafuta, naomba niseme. Mwaka juzi mfuko ulikuwa na wanachama mia tatu na tisini, ukiwaongeza wanyama. Wakubwa wote wanatibiwa nje ya nchi, hata mafua. Ulifilisika mara mbili. Sasa una mbwa milioni sita. Kila siku ya Mungu wengi wao ni wazima, wanachangia tu. Wachache wanaumwa, wanatibiwa hapahapa. Tumebaki na akiba. Mkiwatoa hao, tunarudi kwa wale mia tatu na tisini." Akawaangalia wajumbe mmoja mmoja. "Yaani, kwa heshima zote, nyinyi."

Kamishna Kitundu, aliyekaa nyuma na nyota zake saba, akaongeza kwamba upande wake hana malalamiko na mbwa hata mmoja.

Kamati ikaenda kunywa chai, ikanywa kwa saa tatu. Ugumu ulikuwa wa kweli. Haikuwezekana kusema watu ni watu, kwa sababu mkakati wa watu ulikuwa bado unaandaliwa na kuutangulia kungekuwa utovu wa nidhamu. Haikuwezekana pia kuwafuta mbwa, kwa sababu wajumbe wawili walikuwa na miadi ya moyo mwezi ujao. Siwema na Chande walisubiri kwenye benchi la korido, mke akimpepea mumewe kwa hati ya wito. Jua lilipoanza kushuka, karani akatoka na Gazeti la Serikali, wino ukiwa bado mbichi, akawasomea:

"Kwa madhumuni ya matibabu pekee, maneno 'mbwa wa polisi' popote yalipotumika katika sheria yatachukuliwa kujumuisha mwanadamu yeyote mkazi wa Neemani, pamoja na wategemezi wake. Kwa madhumuni mengine yote, mwanadamu ataendelea kuchukuliwa kama alivyokuwa akichukuliwa."

"Maana yake nini?" Chande akauliza.

"Maana yake kesho twende mapema," Siwema akasema.

Usiku huo Mheshimiwa Rais alilitangazia taifa redioni kwamba huduma ya afya kwa wote imefikiwa, jambo alilolipanga mwenyewe tangu mwanzo. Nasikia hadi leo wageni wanakwenda Neemani kwa mafunzo, na wanapewa chakula cha mchana.

Jumanne alfajiri Siwema alimfikisha mumewe Hospitali ya Wote. Mkono mmoja ulimshika Chande, mwingine ulishika kadi, Gazeti la Serikali, vyeti vya kuzaliwa vyao wote wawili na barua ya mjumbe, vyote vimepangwa kwa utaratibu wa kuulizwa. Sista wa zamu akaviona vikimjia, akavisogeza pembeni kwa kiwiko.

"Weka mkobani, mama. Anaumwa wapi?"

Siwema alikuwa amejiandaa kwa swali lolote ambalo ofisi yoyote iliwahi kumwuliza, ila hilo hakuwa nalo. Akamgeukia mumewe.

"Baba Hadija, sista anauliza unaumwa wapi."

Chande akaonyesha kwa kidole, na sista akaandika.